Ndege wa Mwanaidi

Mwanaidi alikuwa ameandika maktaba ndogo ya JavaScript, yaani mkusanyo wa msimbo wa kutumiwa kwenye tovuti, na kila tovuti iliyoiingiza ilipata kundi la ndege weupe waliopita taratibu juu ya maandishi. Kwenye simu mpya waliruka vizuri. Ila kwenye kompyuta kuukuu ya baba yake ukurasa ulibaki mtupu, maana kivinjari chake hakikuelewa moduli, yaani msimbo uliogawanywa katika faili zinazoitana.

“Si umnunulie mpya, dada,” alisema Chande, mwenzake wa kazini. “Nani bado anatumia kompyuta kama ile?”

“Baba yangu.”

Mzee hakutaka mpya. Tangu alipoacha kutoka nje, alishinda mbele ya ile ile, akisubiri ndege alioahidiwa.

Basi Mwanaidi akaikusanya maktaba yote katika faili moja, kwa mtindo wa zamani, akaiita kwa mstari mmoja tu wa skripti. Nyumbani akaufungua ukurasa upya kwenye kompyuta ile. Likatokea bawa moja pembeni, halafu kundi zima.

“Wamefika, baba.”

Mzee aliwafuata kwa macho mpaka wa mwisho akapotelea ukingoni mwa skrini. Ndipo akainuka polepole, akafungua dirisha lililofungwa muda mrefu, akatazama juu, akiwangoja watokee.