Mwenye Ufunguo

Kadi ya Mzee Gopalkrishna ilikataa mlangoni, kwa hiyo Shailaja akamfungulia kwa yake.

Mzee alikuwa amelazwa wiki nyingi kwa homa ya dengue, na madaktari walikataza asipelekewe habari zozote za kazi. Sasa amerudi, shati linamning'inia. Ofisi nzima ilisimama kumpokea, kama ilivyo desturi hapa Bengaluru, India. Akaenda moja kwa moja kukalia kiti cha mkuu, kule mbele. Shailaja akavuta kiti cha pembeni.

Alitaka kujua kama wameshachagua. Mashine tatu zilitunza rekodi za damu za hospitali za jimbo zima, na ilihitajika programu ya kuamua ni ipi iwe na ufunguo wa kuandika. Mbili zikiandika kwa pamoja, rekodi huvurugika, na mgonjwa anaweza kuwekewa damu isiyomfaa.

Kati ya programu mbili zilizopendekezwa, Mzee aliipenda ile nyepesi: mashine ikinyamaza kidogo, ufunguo unapewa nyingine, basi. Hiyo hiyo ndiyo iliyomnyima Shailaja usingizi. Alieleza kwamba mashine iliyonyamaza huenda haijafa. Huenda imezimia tu. Ikizinduka haijui kuwa ufunguo umeshahama, nayo huendelea kuamrisha. Programu ya pili, aliyoitaka yeye, huupa ufunguo namba mpya kila unapohama, na amri yenye namba ya zamani hukataliwa.

"Binti yangu," Mzee alisema, akicheka, "kazi hii nimekufundisha mimi. Tangu lini maiti ikarudi ofisini kutoa amri?"

Wenzao walicheka kidogo, kisha wakainamia vikombe vyao vya kahawa. Dhruva, fundi wa mitambo, hakucheka.

Shailaja alimwomba Mungu moyoni ampe kinywa. Alijijua. Miaka yote, mbele ya mzee huyu, alikuwa mtu wa kuitikia tu. Akiitikia leo, kabla ya jioni programu ile itakuwa hospitalini.

"Dhruva, weka hiyo yangu," Mzee aliamuru.

Dhruva aligusa kompyuta, akasita. Mzee akaivuta, akabonyeza kidole chake kuidhinisha. Ikamkataa. Akabonyeza tena, polepole. Ikamkataa.

"Imeharibika hii?"

"Haijaharibika, Mzee," Dhruva alisema kwa upole, bila kumtazama. Akaigeuza kompyuta, akaisogeza hadi mbele ya Shailaja.

"Tangu mwezi uliopita inasubiri kidole chako wewe, bosi."