Maji ya Chuma

Kila asubuhi mhunzi Mwinyikombo alizamisha chuma chekundu katika bakuli la maji, yakalia chwaa, kisha akampelekea mkewe anywe. Ndivyo mama yake mkunga alivyowarudishia damu wanawake waliojifungua. Tunu, mwenye saratani ya damu, aliyanywa kimya.

Leo chuma kilikuwa kimeshaiva Tunu alipotoka msalani, akishikilia ukuta, anatabasamu kama mtu aliyeota vizuri.

"Mume wangu, mkojo umetoka rangi ya kutu. Nesi alisema dawa ikifanya kazi itakuwa hivyo. Damu nilizoongezewa zimeniachia chuma kingi, kinanila ini. Sasa kinatoka."

Koleo likasita juu ya bakuli.

"Na maji yangu haya?"

"Alinikataza wiki iliyopita."

"Na bado ukanywa?"

"Ulikuwa ukiniletea kwa mikono miwili."

Mwinyikombo alikishikilia chuma hewani, akakiacha kipoe chenyewe. Wekundu ukafifia taratibu, kama jua linalozama ndani ya jiwe, hata kikawa cheusi. Akalaza koleo chini. Akalichukua bakuli, maji yakiwa yametulia, hayajaguswa na kitu, akampelekea kwa mikono miwili.