Bila Ruhusa ya Mwenyewe

Mustapha alishika Kurani, akaapa kusema kweli, na hapo hapo akatamani ardhi ipasuke immeze.

Kizimbani, hatua tano tu mbele yake, alisimama Rukaya, mdogo wake wa tumbo moja, aliyeolewa Mombo. Shitaka: kuingia kwenye akaunti ya mtu mtandaoni bila ruhusa ya mwenyewe na kuandika kwa jina lake. Faini au jela, au vyote viwili. Na aliyeipeleka habari polisi ni nani? Kaka yake huyo huyo, kwa miguu yake mwenyewe.

Wallahi hakujua. Mwezi wa pili simu ilimwonya kwamba akaunti yake imefunguliwa kwenye simu nyingine, huko Mombo. Mustapha na kiherehere chake hata hakutazama kilichoandikwa. Alidaka gari la Handeni, akaripoti wezi.

Siku ya tatu mkewe, Ikram, akashuka kwenye basi pale Mkata na begi lake. Miezi minne alikuwa kwao Mombo, tangu Mustapha alipomtukana mbele ya mama mkwe, kisha akakataa katakata kuomba radhi. Sasa huyo, anatabasamu.

"Nimeipata meseji yako," akasema, akamwonyesha. Ilitoka kwenye akaunti ya Mustapha: Mke wangu, nimekosa. Nyumba imepooza. Rudi.

Mustapha hakuandika hata nukta. Lakini mke karudi, chai iko jikoni, utasemaje? Akaipokea sifa isiyo yake, akaenda kunywa chai.

Kumbe polisi hawakulala. Walifuatilia laini ya simu ile, wakakuta imesajiliwa kwa alama ya kidole ya Rukaya. Mustapha alikimbia kwenda kuifuta kesi, askari akamcheka.

"Kesi ni ya Jamhuri sasa, bwana. Si yako tena."

Rukaya naye, kila alipoulizwa, hakufungua mdomo.

Sasa wamefika huku. Karani aliposoma shitaka, Ikram aliinuka kwenye benchi. Rukaya akamtikisia kichwa, naye akaketi tena, analia. Anamwonea wifi yake huruma, Mustapha akawaza.

"Shahidi," mwendesha mashtaka akauliza, "mshtakiwa alikuwa na ruhusa yako?"

Akisema hapana, mdogo wake anakwenda jela, na Ikram atajua kwamba msamaha ule haukutoka kwa mumewe. Akisema ndiyo, ameapa uongo, tena Mkata nzima itajua kuwa Mustapha alibembelezewa mke na mdogo wake.

"Alikuwa nayo," akasema.

Watu wakaguna. Hakimu akavua miwani.

"Basi kwa nini uliripoti?"

"Aibu, mheshimiwa. Nilimtuma aniombee msamaha, halafu nikaona haya kwamba nimeomba." Akamgeukia Ikram, macho yamejaa machozi. "Nimekosa, mke wangu. Hili nalisema kwa mdomo wangu."

Nyuma kuna mtu aliangua kicheko. Hakimu alimgombeza Mustapha robo saa nzima kwa kuipotezea mahakama muda, naye alisimama ameinamisha kichwa kama mtoto wa chekechea. Kabla ya adhuhuri shitaka liliondolewa, Rukaya akaachiwa.

Nje, Ikram alikwenda kuwatafutia maji ya kunywa. Mustapha akamshika mdogo wake mikono yote miwili.

"Nisamehe, Rukaya. Na ahsante kwa ile meseji."

"Mimi namba yako ya siri naijulia wapi, kaka?" Rukaya akasema, anafuta macho. "Laini ile nilimsajilia wifi Ikram, kitambulisho chake kilipochelewa."