Pua ya Chuma

"Funga duka, muuaji we!"

Mama alikuwa amesimama kizingitini mwa karakana ya sonara, mwanawe wa mwaka mmoja kiunoni. Sonara, ambaye ni ndugu wa mumewe, aliweka koleo chini.

"Karibu, shemeji."

"Sikukaribii! Tazama viganja vya mwanangu: vyekundu, vinabambuka. Vidole vinamtetemeka, usingizi hana. Daktari amekwisha sema ni zebaki. Na ni nani mtaani humu aliyekuwa akichomea dhahabu kwa zebaki, kama si wewe?"

"Tangu ilipopigwa marufuku sijaigusa."

"Marufuku niliipigania mimi, juani, nawe ukinicheka!"

"Sikukucheka. Nilikwambia ufungue mwavuli, uso wenyewe umeugharamia."

"Usinitanie mwanangu akiteketea! Mola anakuona. Mtoto huyu hajalelewa na yaya wala jirani. Ni mimi tu; shavu lake halibanduki shavuni mwangu."

Afisa wa mazingira, aliyekuja naye, alimsihi abaki nje, mtoto asije akavuta mvuke. Kisha akaingia na kuwasha kifaa chake chenye bomba jembamba, ambacho hulia kila kinaponusa zebaki. Akalipitisha bomba juu ya tanuri, mezani, ndani ya droo za nyundo, hata kwenye vumbi la pembeni.

Kimya.

"Duka hili ni safi, mama."

"Safi? Basi sumu imeshuka na mvua? Au mmekwisha elewana ninyi wawili?"

Ghadhabu ilimpanda hata akasahau katazo. Akavuka kizingiti kwa kishindo, akampita afisa, akamkamata sonara ukosi kwa mkono uliobaki.

Kifaa kikapiga ukelele.

"Umesikia!" Machozi yalimchuruzika. "Umesikia, katili mkubwa! Mwenyewe imekuganda mwilini!"

Afisa alilisogeza bomba kwenye kifua cha sonara; mlio ukafifia. Akalileta kwenye viganja vya mtoto, ukapanda. Akalipandisha juu zaidi, taratibu, mpaka kifaa kikalia pasi na kituo, mbele ya shavu lililong'aa kwa krimu, jeupe kuliko shingo iliyolibeba, ambalo mtoto, kwa kuwashwa na meno yanayoota, alikuwa akilinyonya.