Kisu Juu ya Mshipi

"Kata mshipi, babu!" Menza alinipigia kelele kutoka kwenye usukani. "Maji yanatoka, mlango unajifunga!"

Mlango ni ule mwanya wa mwamba mbele ya Mkomani. Maji yakishakupwa, mawimbi huvunjika pale, na boti haipiti mpaka yajae tena. Na upepo ulikuwa umeshaanza kutupiga ubavuni.

Nikaweka kisu juu ya mshipi wa kuvulia. Mgeni wetu, aliyetoka Nairobi kuja kuvua kwa starehe, aliikumbatia fimbo yake ya kuvulia huku jasho likimtiririka.

"Mzee, ukikata, mimi naruka nimfuate samaki wangu!"

"Ruka," nikamwambia. "Boti itakuwa nyepesi."

Lakini mkono wangu haukushuka. Mshipi ulikaza hata ukawa unaimba, matone ya maji yakiruka mbali nao. Nilisikia mtetemo wake kwenye mpini wa kisu, ukapanda hadi kiwikoni. Kitu gani kilichokuwa kikituvuta hivi tangu adhuhuri?

"Babu, kata! Wallahi hatupiti!"

Ndipo akaruka. Sulisuli, samaki mwenye pua kama upanga, mrefu kuliko mgeni mwenyewe, pezi la mgongo limekunjuka lote, buluu tupu. Alisimama hewani kama anayetutazama, kisha akaanguka na kuzama.

Nikamgeukia Menza anipe amri ya mwisho. Macho yake yalikuwa pale samaki alipozama. Mikono yake ilikuwa ikizungusha usukani, na pua ya boti ilikwisha kuuacha mlango, ikaelekea bahari kuu kumfuata.