Fundo la Pindoni

Kwetu, tangu zamani, kila bibi harusi hupewa khanga inayomeza kipigo. Ukipigwa husikii kitu, lakini nguvu haipotei. Hukaa kwenye fundo la pindoni. Ukililegeza polepole, hutoka kama mkono unaosukuma mlango. Ukilifungua mara moja, hutoka kama lori.

Marehemu mume wangu alinipiga miaka kumi na tisa, Mungu amrehemu. Kila asubuhi, nikishaswali, nalegeza fundo kidogo, mchi unatwanga wenyewe.

Juzi mkwe wangu Sudi alimfuata binti yangu Mwanaidi, aliyenikimbilia.

"Shikamoo mama. Nimekuja kumchukua mke wangu."

"Marahaba. Hataki kurudi."

Akamtandika ngumi ya tumbo mbele yangu, akacheka. "Mama nawe! Si haumii huyu?"

Nikaomba Mungu anisamehe, nikamwelekezea pindo, nikafungua fundo lote.

Sudi alipita na ukuta. Tulimkuta uani kwa jirani, kifua kimebonyea kama sufuria.

Mwanaidi hakulia. Sasa tunaishi wawili, na fundo lake bado limejaa. Leo nilipomkemea kwa kuunguza uji, mkono wake ulikwenda pindoni.