Wawili kwa Pingu Moja

"Huyu anayeimba ndiye?" Zebedayo aliuliza.

Safari ilikuwa ya Koplo Rafaeli, askari jela mwenziwe. Homa ilikuwa imemvaa tangu alfajiri, meno yakimgongana mdomoni. Alimkabidhi Zebedayo ufunguo wa pingu na barua iliyopigwa lakiri, kisha akaegemea ukuta wa stesheni ya Tanga.

"Mwache aimbe," akasema. "Akinyamaza ndipo utakapoiona taabu."

Firimbi ikalia. Zebedayo akawasukumiza wafungwa wawili ndani ya behewa, naye akapanda nyuma yao.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Awafikishe Korogwe, basi. Hapo lori la hospitali lingempokea mgonjwa wa akili pamoja na mfungwa wa mwenendo mwema aliyepewa kazi ya kumwangalia, liwachukue wote mpaka Dodoma. Walikuwa wamefungwa mkono kwa mkono, pingu moja.

Asheri, Mshambaa wa makamo, aliinamisha kichwa. "Shikamoo, afande." Akaketi miguu pamoja, kama yumo kanisani. Miraji hakuamkia. Alikuwa akiimba.

Zebedayo akamkodolea macho. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, naye aliumwa mwaka 1951. Mfungwa mmoja aliyekuwa akibweka kama mbwa alimwambia ana siri, akamvuta kando, akampiga kichwa cha pua na kutokomea mkongeni. Zebedayo alivuliwa tepe zote mbili. Ilimchukua miaka mitano kurudishiwa moja, na hiyo moja hakuwa tayari kuipoteza kwa ajili ya mwimbaji.

Kabla ya stesheni ya Pongwe akaona jambo la kwanza la ajabu. Walipogawiwa muhogo, Miraji aliumega kwanza ule wa Asheri, akatafuna, akameza, akangoja kidogo, ndipo akampa mwenzake.

La pili lilikuwa la ajabu zaidi. Gari lilipokaribia daraja, Miraji alinyakua blanketi la jela, akamfunika Asheri gubigubi, sauti ya wimbo ikapanda mpaka abiria wakageuka. Gari lilipovuka, akamfunua.

"Mbona unamfunika mwenzio?"

"Daraja likishapita namfunua, afande."

Jambo hilo likajirudia kwenye daraja la pili, na la tatu. Zebedayo akatabasamu kwa uchungu. Kichaa gani huyu, anayejua daraja linaanzia wapi na kuishia wapi?

Walipoipita Muheza, Miraji akamwinamia Zebedayo, akasema kwa sauti ya mtu mwenye akili timamu kabisa:

"Afande, nina neno nawe. Lakini si hapa."

Zebedayo akajishika pua. Maneno yale yale!

"Liseme hapa hapa."

Miraji akamtupia Asheri jicho, akafungua mdomo, akaufunga.

"Basi lisisemwe," Zebedayo akasema, akalaza rungu magotini.

"Amechoka, afande," Asheri akasema taratibu. "Msamehe."

Walifika Korogwe jua likiwa utosini. Lori lilikuwa halijafika. Zebedayo akatazama watu, vikapu, mafungu ya miwa, na njia kumi za kukimbilia. Kama Miraji ana hila, ni hapa. Akamfungua Asheri, na upande ule wa pingu akaubana kwenye chuma cha benchi. Sasa mwimbaji na aimbe na benchi lake.

Asheri akausugua mkono. Kwa mara ya kwanza tangu Tanga, akatabasamu.

"Afande, nikachote maji? Mtoni si mbali. Sote tuna kiu." Akaonyesha debe lililokuwa kando ya chumba cha tiketi.

"Asiende!" Miraji akapiga ukelele, akiruka hata benchi likayumba. "Afande, asiende! Nakuomba kwa Mungu, usimwache!"

Watu wakaanza kukusanyika. Zebedayo akauona mtego mzima mbele yake: kelele huleta watu, na kwenye msongamano ndipo mtu hutoroka. Akatoa leso mfukoni, akamtia Miraji mdomoni, akaikaza kwa kitambaa kisogoni, na mkono wake wa pili akaufunga benchini kwa mkanda.

"Nenda," akamwambia Asheri. "Rudi upesi."

"Ahsante, afande. Mungu akubariki."

Asheri akateremka kijinjia taratibu, mikono nyuma, bila kugeuka. Miraji akavuta pingu mpaka kifundo kikachubuka na damu ikatiririka. Machozi yalimtoka. Kwa kuigiza, Zebedayo akawaza, huyu hana mfano.

Watu wakatawanyika. Dakika zikapita. Macho ya Zebedayo yakaangukia kando ya chumba cha tiketi: debe lilikuwa bado pale pale. Kalisahau, akajiambia.

Ndipo lori likaingia. Sadalla, dresa wa hospitali, akashuka akipangusa vumbi usoni.

"Tuwie radhi, afande, gurudumu limetuchelewesha."

"Mgonjwa wenu huyu hapa," Zebedayo akasema, kifua mbele. "Lakini mwambieni daktari kwamba anajifanya. Nimemchunguza tangu Tanga."

Sadalla akavunja lakiri, akasoma. Akageuza karatasi, akasoma maelezo ya sura zao nyuma yake, akamtazama aliyefungwa benchini. Kisha akapiga magoti mbele ya benchi na kuanza kuifungua ile leso.

"Huyu ni Miraji," akasema. "Alijitolea mwenyewe kumsindikiza mwenziwe wa selo, kwa kuwa ndiye pekee anayeweza kumtuliza. Mgonjwa ni Asheri, na hapa wameandika asisogezwe kabisa karibu na maji. Yuko wapi?"